Mshikamano wa Sabuni katika Nchi ya Tambarare

Nchi ya Tambarare haina mlima hata mmoja, na mji wake mkuu umejengwa juu ya mlima. Niligundua hilo siku ya kwanza, kamera mbili zikining'inia shingoni, mkoba wa filamu begani, jasho likinitiririka, huku mwenyeji wangu akinieleza kwa upole kwamba hatupandi.

“Tunasonga mbele kwa juhudi,” alisema. “Zamani wakubwa walikaa juu na wadogo wakakaa chini. Ikaonekana si haki. Mpango wa Kwanza ukaisawazisha nchi nzima.”

“Kwa katapila?”

“Kwa azimio, Ndugu.”

Alisema hivyo bila kutabasamu, ingawa naye alikuwa anahema. Tulisimama kidogo tupumzike, tukiitazama mitaa iliyokuwa chini yetu na ambayo, kwa mujibu wa ramani, ilikuwa sawasawa na sisi. Kisha tukaendelea na juhudi.

Mwenyeji huyo aliitwa Ratiba. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka thelathini hivi, gauni la kijivu, viatu vya kijivu, nywele amezifunga nyuma kwa nguvu kana kwamba zimewahi kujaribu kutoroka. Kizazi chake chote kilipewa majina ya namna hiyo, na wenyewe hawaoni ajabu. Kazi yake ilikuwa kunitembeza, kunitafsiria mambo, na kuweka kiganja mbele ya kamera yangu kila nilipoielekeza mahali pasipotakiwa. Kiganja hicho nilikizoea upesi. Kilikuwa safi, chenye kucha fupi, na hakikuchelewa hata mara moja.

Jinsi nilivyofika huko si kitu cha kusimulia. Yatosha kusema kwamba jina langu ni Adventina Kokushubila, nina studio ya picha Bukoba, na Tambarare iliponiita sikuuliza mara mbili. Waliniita mimi kwa sababu raia wa kwao haruhusiwi kumpiga raia mwenzake picha. Sheria inasema hivi: aliye nyuma ya kamera anaona asionekane, na aliye mbele yake anaonekana asione, kwa hiyo hao wawili si sawa. Wakitaka picha za watu, lazima watafute mgeni, ambaye usawa wake haumhusu mtu.

Kuna picha moja tu ambayo kila raia anayo. Akifikisha miaka kumi na minane anaingia katika chumba chenye sanduku la serikali, anaambiwa anyooshe shingo, anyanyue kidevu, atazame juu kushoto, na sanduku linajipiga lenyewe. Picha hiyo hutumika mpaka mwisho wa maisha. Niliona kwa macho yangu mzee mwenye mvi na mkongojo akimwonyesha askari kitambulisho chenye sura ya kijana wa kidevu laini. Askari alitazama picha, akamtazama mzee, akasema, “Hujabadilika, Ndugu,” akampisha. Ndivyo anavyotakiwa kusema. Kuzeeka hakukuwekwa katika Mpango wowote.

Basi nikapelekwa kwa Mkurugenzi wa Idara ya Maisha ya Kawaida. Aliitwa Lukindo, mtu mzima mwenye mabega mapana na kikohozi cha aibu, ambaye alizaliwa kabla ya Mipango na ndiyo maana alikuwa na jina la watu. Alinikaribisha chai, akanieleza shida yake.

“Nchi za nje zinatusema vibaya,” alisema. “Zinasema hapa kwetu tuna maandamano, tuna magwaride, tuna hotuba, lakini hatuna maisha ya kawaida. Sasa sherehe za jubilei zinakaribia, na wageni watakuja. Tunataka wakute picha za siku moja ya kawaida kabisa.”

“Hiyo ni rahisi, Mkurugenzi. Nitatembea mitaani nizipige.”

Alikohoa. “Hapana haja ya kutembea. Siku ya kawaida tumeshaiandaa.”

Na kweli walikuwa wameiandaa. Kulikuwa na mtaa uliopakwa rangi upya, unaitwa Mtaa wa Mfano, na humo nyumba yenye ukuta mmoja badala ya kuta nne, ili mwanga uingie. Kamati ilikuwa imefanya mchujo nchi nzima kumtafuta Baba wa Kawaida na Mama wa Kawaida. Baba alikuwa karani kutoka mikoa ya kusini, mwenye sauti nzuri ya kusoma taarifa. Watoto waliazimwa kutoka shule ya sarakasi kwa kuwa wanajua kutulia. Mezani palikuwa na mkate mkubwa uliochongwa kwa mti na kupakwa rangi kwa ustadi hata nzi walikuwa wakitua. Nilipouliza kwa nini si mkate wa unga, afisa mmoja alinijibu kwamba mkate wa unga ulitumika katika mazoezi ya kwanza, na haukurudi.

Mama wa Kawaida aliitwa Bi Nyamizi. Katika maisha yake mengine alikuwa anapiga pasi mashati kwenye dobi la serikali. Kamati ilimchagua kwa sababu uso wake, walisema, haukuwa na jambo lolote. Sijui kamati ilitazama wapi. Uso ule ulikuwa na kila jambo: jicho moja dogo kuliko jingine, nyusi zinazopanda na kushuka zenyewe, na mdomo ambao hata ukifumbwa ulikuwa katikati ya mazungumzo.

“Mgeni,” Bi Nyamizi aliniuliza wakati baba yule wa kusini akifanya mazoezi ya kuingia mlangoni, “kwenu akina baba wakirudi kazini husema, ‘Habari za jioni, familia, leo nimevuka lengo’?”

“Wengine huuliza chakula kiko wapi.”

“Ah,” alisema. “Basi ni ndugu zetu.”

Siku ya kupiga picha ilikuwa Jumanne. Tulikuwa tumefika pale ambapo Mama wa Kawaida anamkabidhi Baba wa Kawaida mkate, na juu yetu kumetandazwa bango kubwa la kitambaa chekundu lenye maneno MBELE BILA KUPANDA, mara mvua ikaanza. Haikuwa ya manyunyu. Ilishuka kama mtu amepindua pipa.

Hakuna aliyekimbia. Nilidhani ni ushupavu, mpaka afisa wa hali ya hewa alipopanda juu ya kiti akatangaza, maji yakimchuruzika puani, kwamba mvua ya wiki hiyo imepangwa kunyesha Alhamisi, kwa hiyo hii haihusiki. Watu wakabaki wima. Baba wa Kawaida akaendelea kunyoosha mikono kupokea mkate. Mkate ukaanza kutoa rangi. Mimi nilificha kamera chini ya kanga na kusubiri.

Ndipo Bi Nyamizi aliposema, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei, “Jamani, hiki kitu kisichokuwa mvua kimenilowanisha mpaka ndani.”

Akashika pembe ya bango akalivuta. Kamba zikakatika, kitambaa kikashuka, akajifunika. Kisha akawaita watoto. Kisha baba wa kusini akaingia bila kuitwa. Ndani ya muda mfupi mtaa mzima ulikuwa chini ya MBELE BILA KUPANDA, maafisa kwa waigizaji, wakisukumana na kupiga kelele kama wanafunzi waliofunga shule, na rangi nyekundu ikiwachuruzikia nyusoni. Mkate ule ulichukuliwa na maji ukaenda unaelea kwenye mfereji, watoto wa sarakasi wakiufukuza. Afisa wa hali ya hewa alibaki juu ya kiti peke yake kwa muda, akatazama kulia na kushoto, akashuka akaingia.

Nikatoa kamera nikapiga. Nilipiga bila kufikiri, na ni katikati ya kupiga nilipogundua kwamba kiganja hakijaja. Nikamtafuta Ratiba. Alikuwa katikati ya kundi, ameegemea bega la Bi Nyamizi, mkono mdomoni, anacheka mpaka machozi. Aliponiona ninamtazama kwa kioo cha kamera alinyanyua mkono ule kunizuia. Ukafika nusu ya njia ukarudi mdomoni.

Jioni Ratiba hakuiondolea macho kamera yangu. Kutumia bango la taifa kama mwavuli ni kosa, na yeye alikuwa ndani ya filamu yangu.

“Ukinitaka niitupe, nitaitupa,” nilimwambia.

“Nimetokaje?” aliuliza.

“Sijui mpaka niisafishe.”

“Basi usiitupe kwanza.”

Bi Nyamizi ndiye aliyetuharibia mipango yote. Alipokuwa akikausha nywele alituambia, “Mgeni, kama ni siku ya kawaida unayoitaka, kesho asubuhi duka la mtaani kwetu kuna mshikamano wa sabuni. Njoo.”

Lazima nieleze. Tambarare hakuna foleni. Foleni ina wa kwanza na wa mwisho, na hao si sawa, kwa hiyo ilipigwa marufuku zamani. Lakini bidhaa zikiwa chache na watu wengi, watu husimama mmoja nyuma ya mwingine kuonyesha umoja wao, na hilo linaitwa mshikamano. Kuna mshikamano wa sukari, wa mafuta ya taa, wa viatu. Ukimuuliza mtu yuko wa ngapi atakwambia yuko pamoja. Ukijaribu kuingia mbele yake atakupiga kiwiko cha umoja.

Nilitegemea Ratiba akatae. Alisema tu kwamba asubuhi hiyo ratiba yake haikuwa na kitu, kisha akajisikia alivyosema, akageuka dirishani.

Tulikuta mshikamano umeanzia mlangoni pa duka na kuteremka ule mlima usiokuwepo hadi kwenye kona, na baada ya kona uliendelea. Nimepiga picha harusi nyingi maishani mwangu, na mahafali, na vipaimara, lakini sijapata kuona watu waliokuwa nyumbani kwao kama wale waliosimama barabarani wakingoja sabuni. Wanawake walikuwa wakisukana. Kila mmoja alikuwa anamsuka aliye mbele yake na kusukwa na aliye nyuma yake, na mstari uliposogea walisogea wote bila kuachia nywele, kama treni. Kinyozi alikuwa ananyoa kwa kisu akitembea kinyumenyume. Wazee wawili walikuwa wameweka ubao wa drafti juu ya mgongo wa mtu wa tatu, aliyeinama kwa hiari yake kwa kuwa atacheza na mshindi.

Ratiba alisimama pembeni, kiganja tayari. Bi Nyamizi akamtazama kichwani.

“Mwanangu, nani alikufunga nywele hizi? Unaumwa kichwa kila siku, si kweli?”

“Niko kazini, Mama.”

“Nami niko kazini. Ingia hapa.”

Akamshika bega akamwingiza mbele yake, akavifungua vibanio vya nywele zake. Na Ratiba, ambaye hakuwa na kichwa cha kusuka yeye mwenyewe, alipewa cha mama mmoja aliyetangulia, akaanza, kwanza kwa woga, kisha haraka haraka, na nikaona kwamba vidole vile vinajua.

“Nani alikufundisha?” nilimuuliza, nikiwa nimeinama mbele yake na kamera.

“Mama yangu. Alifariki nikiwa chuoni.” Akagawanya nywele. “Picha yake ninayo ile ya sanduku. Msichana wa miaka kumi na minane, anatazama juu. Huyo simjui. Mama yangu mimi alikuwa mnene, ana pengo hapa mbele, na akisuka alikuwa anatoa ulimi.”

Hakujua kwamba na yeye ulimi ulikuwa nje. Nikapiga.

Karibu na saa tatu ukaja mtafaruku wa furaha kutoka chini. Kijana mmoja aliyeitwa Robo ya Tatu, kwa kuwa alizaliwa wakati wa kuandika ripoti ya robo hiyo, alikuwa afunge ndoa na msichana aitwaye Shabaha asubuhi ile ile. Walipofika ofisi ya ndoa waliikuta imefungwa. Msajili yuko kwenye mshikamano. Wakamfuata. Msajili hakutaka kuacha nafasi yake, nao walipoona urefu wa mstari wakataka nafasi pia. Watu wakashauriana, wakakubaliana kwamba maharusi waingie nyuma ya msajili, na ndoa ifungwe hapo hapo inavyosogea.

“Wewe Robo ya Tatu,” alianza msajili, akitazama mbele na kuzungumza nyuma, “unamkubali Shabaha…”

“Sogeeni!” alipiga kelele mtu wa chini.

Wakasogea.

“…kuwa mwenzio katika ujenzi wa taifa…”

“Sogeeni jamani, pengo hilo!”

Wakasogea tena, bibi harusi ameshika gauni mkononi. Aliposema “Nakubali” alikuwa amefika kizingitini. Mshikamano mzima ulipiga vigelegele hadi mwenye duka akatoka nje akidhani sabuni imeibwa.

Wakaingia. Mwenye duka akawauliza kama wameoana, wakasema ndiyo, sasa hivi, kwa fahari. Akawapa mche mmoja. Kila kaya mche mmoja, na wao walikuwa kaya moja. Wangechelewa kukubaliana kidogo tu, wangepata miwili.

Robo ya Tatu alisimama mlangoni na ule mche mkononi, mdomo wazi. Shabaha akamtazama mumewe, akatazama sabuni, akaanza kucheka. Kicheko kikateremka mlima mtu kwa mtu, wale wa chini wakicheka kabla hawajaambiwa. Na hapo Bi Nyamizi, aliyekuwa ameshapata mche wake, akachomoa uzi kwenye kanga, akakata kipande cha sabuni kama mtu anavyokata ugali, akampa bibi harusi. Wa pili akakata. Wa tatu. Kila aliyetoka dukani alikata chake, hata gauni la Shabaha likajaa vipande vya sabuni vya buluu, naye amelishika mbele kama mtu anayevuna. Nilimaliza filamu zote nilizokuja nazo.

Nilizisafisha Idarani, katika chumba cha giza walichonipa, Ratiba akining'inizia picha kwenye kamba. Alitazama kila moja ilipokuwa inajitokeza majini, na kila mara aliyasema majina ya watu kwa sauti ya chini, kama anawasalimu. Tulipofika kwenye ile iliyopigwa maharusi walipokuwa mlangoni tuliiona vizuri wote wawili, tukatazamana. Nyuma kabisa ya bibi harusi alionekana mtu mwenye mabega mapana, kofia ameivuta hadi machoni, kapu la mkeka mkononi, kinywa kimefunguka kwa kicheko mpaka magego yanaonekana. Alikuwa ananyoosha kipande cha sabuni.

Ratiba aliichukua picha hiyo akaiweka chini ya nyingine zote.

Siku iliyofuata Baraza la Picha lilikutana. Ningependa kusema lilikutana kuziangalia, lakini lilikutana kuzichoma. Mwanasheria wa Idara, mtu mwembamba mwenye tai, alisoma mashtaka. Mimi nirudishwe kwetu. Ratiba apelekwe kusawazisha. Adhabu hiyo ndiyo kubwa kuliko zote huko: mtu hupewa sepetu akachimbe mlima, na kwa kuwa mlima haupo, kazi haihesabiwi wala haiishi.

Nilimtazama Ratiba. Nywele zake zilikuwa bado zimesukwa.

“Ratiba, una la kusema?” aliuliza Lukindo, bila kumtazama.

“Nina swali, Mkurugenzi. Picha zinachomwa kwa kosa gani?”

“Zinaonyesha foleni,” alisema Mwanasheria.

“Tambarare kuna foleni?”

“Hakuna. Inajulikana.”

“Basi zinaonyesha nini?”

Mwanasheria alitazama picha ya juu. “Zinaonyesha mshikamano.”

“Mshikamano umekatazwa?”

“Mshikamano ni nguzo ya taifa!” alisema Mwanasheria kwa hasira, kisha akakaa chini taratibu.

Mjumbe mwingine, mama mnene wa Kamati ya Usafi wa Lugha, akaokoa jahazi: labda kosa ni zile za mvua. Mwanasheria akamkumbusha kwamba mvua ilipangwa Alhamisi, si Jumanne. Wakabishana asubuhi nzima kama kitu ambacho hakikutokea kinaweza kuwa na picha, na kama kinaweza, ni nani aliyelowa. Katika kubishana picha zikawa zinapita mikononi mwao, na nikaona jambo: walianza kuzishika kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

“Huyu ni mke wangu,” alisema Mwanasheria ghafla. Alikuwa ameishika picha ya kusukana. “Anacheka. Sijui anacheka nini.” Aliigeuza nyuma kana kwamba sababu ingekuwa imeandikwa huko. “Nyumbani tunakula kimya.”

Wakati huo Lukindo alikuwa amefika kwenye picha ya chini kabisa.

Aliitazama. Alikohoa. Aliitazama tena, akamtazama Ratiba, na akaelewa kwamba Ratiba aliiona, kwamba angeweza kuitumia, na kwamba aliifunika. Nilidhani ataichana. Badala yake alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa, na kuangalia kicheko kile chake mwenyewe kama mtu anayeangalia picha ya kaka yake aliyepotea.

“Wajumbe,” alisema hatimaye, “lengo la Mpango ni nini?”

“Watu wenye furaha,” walijibu kwa pamoja, kama wanavyojibu watoto darasani.

“Lini?”

“Kesho.”

“Watu hawa wana furaha?”

Wakaangalia. Hapakuwa na ubishi.

“Basi hizi ni picha za kesho,” alisema Lukindo. “Mgeni ametangulia kidogo. Zibandikwe.”

Na zikabandikwa, katika Jumba la Kesho, lililoko juu kabisa ya mji. Ratiba hakupelekwa popote. Sheria ya kamera nayo ikarekebishwa wiki ile ile, kwa hoja ya Mwanasheria mwenyewe, ambaye alitaka sana mtu wa kumpiga picha na mkewe: tangu hapo raia anaweza kumpiga mwenzake picha mradi naye apigwe na huyo huyo, ili wawe sawa. Nilimwachia Ratiba kamera yangu ya pili. Picha zake za kwanza zina vichwa vilivyokatwa, na picha alizopigwa yeye zina vichwa vilivyokatwa zaidi.

Siku ya jubilei milango ilifunguliwa asubuhi kwa wananchi, ili wageni wa nje wapokelewe mchana. Mshikamano ulishuka hadi Mtaa wa Mfano. Watu waliingia kwa adabu, mikono nyuma, kama walivyozoea kuingia katika majumba ya serikali. Kisha wakajiona. Ikatoka sauti moja, “Ee, masikio yangu ndivyo yalivyo?” na baada ya hapo sikusikia kitu tena kwa makelele. Waliitana majina. Waligusa nyuso zao ukutani na nyuso zao zenyewe. Mzee mmoja wa drafti alisimama mbele ya picha yake muda mrefu, akiuliza kila anayepita kama ni kweli ana mvi namna ile, na kila aliyesema ndiyo alimpa mkono kwa furaha.

Sijui nani alianza. Nadhani ni Shabaha, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na haki zaidi. Alichomoa pini nne akaichukua picha ya harusi yake, akaifunga katika kanga, akatoka. Baba wa kusini akachukua ile ya mvua. Bi Nyamizi akachukua yake, akaikunja uso kwa ndani, akaniambia, “Kamati ilisema sina jambo usoni. Nitawapelekea waone.” Ratiba alisimama mlangoni, kiganja ndani ya mfuko wa gauni. Lukindo alikuja, akaona, akarudi nyuma hatua moja kuwapisha watu watoke.

Wageni wa nje walipofika wakihema, walikuta kuta nne nyeupe zenye pini.

“Na picha?” aliuliza mkubwa wao.

Nilimwona Lukindo akitafuta maneno, na najua alikuwa na mengi. Alikohoa. “Zilikuwa za watu,” alisema. “Wamezichukua.”

Wageni wakapiga makofi, wakidhani ni sehemu ya sherehe, wakaenda kula.

Tulikuwa tunakusanya pini, Ratiba na mimi, wakati Lukindo aliporudi akiwa amemshika mkono bi kizee mfupi mwenye fimbo, aliyevaa viatu vizito vya ngozi vinavyotolewa na serikali. Alikuwa mama yake. Alianza safari ya kupanda asubuhi, na Lukindo mwenyewe ndiye aliyelitumia neno hilo, kupanda, kisha akalipita kana kwamba hakulisikia.

“Niliambiwa kuna picha,” alisema bi kizee.

“Zimekwisha, mama.”

“Zote?”

Lukindo akanigeukia. Nilimwambia filamu waliyotupa Idarani ilibaki kidogo. Ratiba akaleta kiti akakiweka mbele ya ukuta mtupu, na yule mama akaketi, akaunganisha magoti, akanyoosha mgongo kama fimbo, akashikilia pumzi.

“Nikae hivi?” aliuliza kupitia meno.

Nilikuwa nimefungua mdomo kumwambia ashushe mabega, kama nilivyowaambia maelfu ya watu Bukoba, nikaufunga.

“Kaa unavyopenda, mama,” alisema mwanawe.

“Ninavyopenda ndiyo vipi?”

“Sijui. Wewe ndiye unayejua.”

Alitoa pumzi polepole. Akatutazama mmoja mmoja, kuhakikisha hatumtanii. Akafikiri. Kisha akampa Ratiba fimbo amshikie, akainama kwa taabu, akafungua kamba za viatu, akavivua kimoja baada ya kingine na kuvisukuma pembeni. Akanyoosha miguu mbele, akachezesha vidole kwenye sakafu ya baridi, na uso wake wote ukafunguka.

“Haya,” alisema. “Piga na miguu ionekane.”